Java imetoka kwenye kivinjari: kompyuta ya ofisi ya Tabora itafikiwaje kutoka Urambo?

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Tabora mjini, na kila baada ya wiki mbili huwa Urambo kwenye tawi letu dogo. Daftari la wanachama na programu ya hesabu vimo katika kompyuta moja tu ya ofisi kuu, yenye Windows 10 Pro. Miaka ya nyuma fundi wetu, ambaye sasa amehama mkoa, alituwekea utaratibu mzuri: nikiwa Urambo nilifungua kivinjari, nikaandika anwani inayoishia na 5800, kijidirisha cha Java kikafunguka, na kioo cha kompyuta ya Tabora kikaonekana mbele yangu. Tangu kompyuta ya Urambo ibadilishwe, ukurasa ule umegoma. Mwaka jana pia tuliacha laini ya waya, na sasa tunatumia ruta ya laini ya simu. Fundi mmoja anashauri tutafute kivinjari cha zamani na Java ya zamani tuviweke Urambo. Mwingine anasema nifungue poti 3389 kwenye ruta na shida itakwisha. Kompyuta ya Urambo tunaitumia pamoja na ofisi ya jirani, kwa hiyo sitaki kusakinisha chochote juu yake. Je, bado inawezekana kuifikia kompyuta ya Tabora kwa kivinjari pekee, bila Java, na je, ni salama? Bajeti yetu ni ndogo, na bodi inataka maelezo."

Marahaba, mhasibu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna matatizo mawili yaliyofungwa katika fundo moja, na mafundi wako wawili kila mmoja ameshika ncha yake. La kwanza ni kwamba ukurasa wenu wa zamani ulitegemea Java ndani ya kivinjari, jambo ambalo vivinjari vya leo havilikubali. La pili umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo zito zaidi: mmehama kutoka laini ya waya kwenda laini ya simu. Hata kama kijidirisha kile kingefufuka kesho asubuhi, huenda bado usingeifikia kompyuta ya Tabora, kwa sababu njia yenyewe ya kuingilia imebadilika. Jibu fupi ni kwamba inawezekana kwa kivinjari pekee, bila Java yoyote upande wa Urambo, na inaweza kuwa salama kuliko mlivyokuwa hapo zamani. Lakini lazima kitu kisakinishwe mahali fulani, ingawa si Urambo, na mashauri yote mawili uliyopewa nakusihi uyaache.

Tuanze na Java, maana inasingiziwa mengi. Java yenyewe haijafa. Ni lugha inayoendesha seva nyingi duniani hadi leo, na utaona mbele kwamba hata suluhisho nitakalokupendekezea lina Java ndani yake, ila kwenye seva. Kilichokufa ni programu-jalizi iliyoiruhusu Java iendeshwe ndani ya kivinjari. Java ilipotangazwa mwaka 1995, kurasa za wavuti zilikuwa maandishi na picha tuli. Kivinjari hakikuweza kuchora kitu kinachobadilika kila nukta, wala hakikuweza kushika mazungumzo marefu na seva, na kwa hiyo kazi ya namna hiyo kilimkabidhi mgeni aliyeitwa apleti. Watafiti wa maabara ya Olivetti kule Cambridge, Uingereza, waliounda VNC, yaani programu ya kuonyesha na kuendesha kioo cha kompyuta ya mbali, waliutumia upenyo huo vizuri sana: seva ya VNC ilijibu kwenye poti 5800, yaani mlango wenye namba hiyo, kwa kukupa ukurasa wenye apleti, kisha apleti hiyo ikazungumza na kompyuta kupitia poti 5900 na kukuchorea kioo chake. Namba 5800 uliyoitaja ndiyo iliyonionyesha mara moja mlichokuwa nacho.

Tatizo la mgeni huyu ni kwamba alifanya kazi nje ya uzio wa kivinjari, akiwa na uwezo mkubwa juu ya kompyuta yako, na matundu yake ya usalama yalifuatana bila kupumzika. Januari 2013 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilifikia hatua ya kuwashauri watu waizime Java kwenye vivinjari vyao. Chrome iliacha kabisa kuzipokea programu-jalizi za aina hiyo Septemba 2015, Firefox ikafuata Machi 2017, na Oracle, wenye Java, wakaiondoa kabisa katika Java 11 iliyotoka Septemba 2018. Internet Explorer 11, ambayo wengi waliikimbilia kama kimbilio la mwisho, ilistaafishwa Juni 2022. Kompyuta mpya ya Urambo, kwa hiyo, haina kosa lolote; imekataa kilichopaswa kukataliwa.

Naomba pia uwaeleze wajumbe wa bodi kwamba JavaScript si Java. Majina yanafanana kwa sababu za kibiashara za miaka ile ya tisini, lakini JavaScript ni lugha ya kivinjari chenyewe, inakaa ndani ya uzio, na haihitaji kusakinishwa. Mtu akikwambia "zima JavaScript kwa usalama, si ndiyo Java ile", atakuzimia karibu kila ukurasa unaoutumia, na hili ninalokueleza nalo halitafanya kazi.

Shauri la fundi wa kwanza ninalielewa vizuri, kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Nilitembea na flashi yenye kivinjari cha zamani na Java ya zamani kama mganga anavyotembea na kibuyu chake, na kweli kurasa zilifunguka. Tofauti ni kwamba kivinjari hicho hakijapata marekebisho ya usalama kwa miaka mingi, na nyinyi mnataka kukiweka kwenye kompyuta ambayo ofisi ya jirani nayo itaingia mtandaoni kupitia hapo. Liko jambo jingine ambalo pengine hamkuambiwa hapo mwanzo: VNC ya kawaida ya wakati ule haikusimba mazungumzo yake, yaani haikuyageuza kuwa siri yasisomeke njiani. Neno la siri lilikingwa kwa kiasi, na VNC nyingi zilizingatia herufi 8 za mwanzo tu, lakini picha ya kioo, pamoja na majina na salio za wanachama, ilisafiri wazi. Sisemi hivi kumlaumu fundi wenu aliyehama, ambaye alifanya kilichofanywa na wengi. Nasema ili usiutamani utaratibu ule kupita kiasi.

Sasa tuangalie kinachotendeka pale unapoiona kompyuta ya mbali kwenye kioo chako. Mafaili hayasafiri kuja Urambo, na programu ya hesabu haiendeshwi Urambo. Kompyuta ya Tabora inafanya kazi yote, kisha inatuma picha ya kioo chake, nawe unarudisha mibofyo ya kibodi na miondoko ya kipanya. Kioo cha kawaida cha nukta 1366 kwa 768, kama kingetumwa kizima bila kubanwa na kwa rangi kamili, kingekuwa na takribani megabaiti 3.1 kwa picha moja tu, mzigo ambao hakuna bando la mhasibu lingeubeba. Ndiyo maana kioo hugawanywa katika vipande vya mstatili, vikatumwa vile tu vilivyobadilika, tena baada ya kubanwa. Unaposoma orodha iliyotulia, karibu hakuna kinachosafiri. Unapoisogeza orodha ndefu juu na chini kwa haraka, hapo ndipo data inapokwenda.

Kivinjari kimepata uwezo wa kulifanya hili bila mgeni kutokana na vitu viwili. Kimoja ni kanvasi, yaani ubao wa kuchorea uliomo ndani ya ukurasa wenyewe, ambao JavaScript inaweza kuupaka rangi nukta kwa nukta. Kingine ni WebSocket, kanuni iliyokamilishwa Desemba 2011, inayokiruhusu kivinjari kufungua njia moja na seva na kuiacha wazi, pande zote mbili zikizungumza zinapotaka, badala ya ule mtindo wa kuuliza, kujibiwa na kukata simu. Hata hivyo limebaki zuio moja la makusudi: ukurasa wa wavuti hauruhusiwi kuzungumza moja kwa moja na poti yoyote ya kompyuta yoyote, na hilo ni jema, kwani vinginevyo ukurasa wa matangazo ungeweza kuanza kugonga milango ya kompyuta zenu za ndani. Kati ya kivinjari na kompyuta ya Tabora, basi, lazima awepo mtu wa kati. Anayekuambia kwamba njia ya kivinjari haihitaji kusakinisha chochote popote, anasema nusu ya kweli.

Mtu wa kati huyu ana sura mbili. Katika sura ya kwanza, ambayo mfano wake ni noVNC, kivinjari chenyewe kimefundishwa lugha ya VNC kwa JavaScript, na katikati kuna programu ndogo inayoitwa websockify ambayo haielewi lolote linalosemwa. Inapokea mzigo wa WebSocket, inaufungua na kuupeleka kwenye poti 5900, kama mchukuzi wa stesheni asiyejua kilichomo ndani ya gunia. Katika sura ya pili, ambayo mfano wake ni Apache Guacamole, wa katikati ni mkalimani wa mahakamani. Anaijua RDP, lugha ambayo kompyuta za Windows huitumia kufikiwa kutoka mbali, anaijua VNC, anaijua SSH ya seva za Linux, na yote anayatafsiri katika lugha moja nyepesi ambayo kivinjari kinaielewa. Jina lake ni la kachumbari ya maparachichi ya kule Mexico, na hilo lisikupunguzie imani nayo: mradi ulianza mwaka 2010, ni wa bure na msimbo wake uko wazi, na tangu 2017 ni mradi kamili chini ya taasisi ya Apache. Ukurasa wake unahudumiwa na programu iliyoandikwa kwa Java na kuendeshwa na Tomcat kwenye seva, hii ikiwa ndiyo ile Java niliyokuahidi. Urambo haitaiona.

Nije kwenye shauri la fundi wa pili, ambalo linanitia hofu zaidi. Poti 3389 ndiyo mlango wa kawaida wa RDP, na kila anayewinda kompyuta mtandaoni anaujua. Kuna programu zinazozunguka mchana na usiku zikigonga poti hiyo kwenye kila anwani iliyo wazi, na zikipata mwitikio zinaanza kujaribu majina na maneno ya siri bila kuchoka. Mei 2019 Microsoft walilazimika kutoa marekebisho ya tundu lililopewa jina la BlueKeep, ambalo lilimruhusu mshambuliaji kuingia kwenye matoleo ya zamani ya Windows kupitia RDP bila neno la siri kabisa, na waliliona kuwa kubwa kiasi cha kuitolea marekebisho hata Windows XP iliyokwisha kustaafu. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja, jina nalihifadhi, ambako poti hiyo ilifunguliwa siku ya Ijumaa "kwa muda tu", na Jumatatu mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo wa wahalifu na ujumbe wa kudai fedha umebandikwa kwenye kioo. Nakala rudufu yao ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa katika kompyuta ile ile, nayo ikafungwa pamoja. Kubadilisha namba ya poti kutoka 3389 kwenda nyingine, kama wengine wanavyoshauri, kunapunguza kelele za wagongaji lakini hakuzuii wizi.

Pengine shauri hilo lisingefanya kazi kabisa kwenu, kwa sababu ya laini ya simu. Unajua jinsi watu wengi wanavyotumia sanduku la posta la shule au la parokia: barua zao zinatoka vizuri, lakini barua inayoingia ikiwa na namba ya S.L.P. pekee, bila jina, mwenye ufunguo hajui ampe nani. Kampuni za simu hufanya hivyo na anwani za intaneti, kwa kuwa anwani za zamani za IPv4 hazitoshi. Wateja wengi hutokea nje kwa anwani moja. Unaweza kulipima hili mwenyewe bila fundi. Fungua ukurasa wa ndani wa ruta yenu uangalie anwani iliyopewa upande wa intaneti, kisha utafute kwenye kivinjari ukurasa wowote unaokuonyesha anwani yako ya nje. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, mpo kwenye sanduku la pamoja, na kufungua poti kwenye ruta ni sawa na kufungua dirisha linalotazama ukuta. Laini yenu ya waya huenda ilikuwa na anwani yake pekee, na ndiyo maana utaratibu wa zamani ulifanya kazi.

Njia ya kutoka hapo ni kuigeuza safari: badala ya Urambo kuipigia Tabora, Tabora ipige simu kwenda nje, mahali ambapo na Urambo inaweza kufika, na wakutane hapo. Njia zote ninazoziona zinafaa kwenu zimejengwa juu ya wazo hilo.

Ya haraka kuliko zote ni Chrome Remote Desktop. Unasakinisha programu yake kwenye kompyuta ya Tabora, unaiunganisha na akaunti ya Google, unaweka namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi, na ukiwa Urambo unaingia kwenye ukurasa wake kwa kivinjari. Ni bure, mazungumzo yamesimbwa, na ruta haiguswi. Kasoro yake kwenu ni kwamba anayemiliki akaunti hiyo ndiye anayemiliki mlango, nawe utakuwa unaingia akaunti ya ofisi kwenye kivinjari kinachotumiwa na majirani. Aidha, aliyeketi mbele ya kompyuta ya Tabora anaona kila unachokifanya kwenye kioo chake, na mnaweza kugombania kipanya. Kwa mtu mmoja mwenye laptopu yake, ningesema itumie na uachane na mengine.

Ninayokupendekezea ni Guacamole iliyowekwa kwenye seva ndogo ya kukodi yenye anwani yake ya wazi. Seva yenye RAM ya GB 2 inawatosha watumiaji wawili watatu. Kompyuta ya Tabora inawekewa WireGuard, ambayo inachimba handaki lililosimbwa kutoka Tabora kwenda kwenye seva hiyo, na kwa kuwa mpo nyuma ya sanduku la pamoja, fundi aiagize itume ishara ndogo kila sekunde 25 ili handaki lisifungwe. Ngome ya Windows (firewall) inaambiwa ipokee RDP kutoka ndani ya handaki tu. Urambo wewe unafungua anwani ya kawaida yenye https, poti 443 ile ile inayotumiwa na kurasa nyingine zote, unaingiza jina lako, neno la siri, na namba ya tarakimu sita inayobadilika kwenye simu yako kila nusu dakika. Namba hiyo isifanywe hiari. Ndiyo inayokulinda hata kama mtu ameweka kwenye kompyuta ile ya pamoja programu ya kunasa mibofyo ya kibodi, kwani neno la siri aliloliiba halitamtosha kesho. Lakini ujue mipaka yake: haizuii programu kama hiyo kuona unachokiona wewe wakati huo huo. Ukiniuliza kwa unyoofu, ningependelea bodi ikununulie laptopu ya kawaida uende nayo Urambo, na kompyuta ya pamoja ibaki ya dharura. Ukilazimika kuitumia, fungua dirisha la faragha, usikubali kivinjari kihifadhi neno la siri, na toka rasmi kabla ya kufunga.

Mambo mawili nayashuhudia yakisahauliwa mara kwa mara. Guacamole inayohifadhi watumiaji wake katika hifadhidata huzaliwa na mtumiaji anayeitwa guacadmin, na neno lake la siri ni hilo hilo guacadmin. Lifutwe siku ile ile, kabla anwani haijatangazwa kwa mtu yeyote. Na matoleo ya 1.5 hayaendi na Tomcat 10, bali na Tomcat 9. Fundi asiyelijua hili atapoteza siku nzima akitazama ukurasa mtupu. Cheti cha https kinapatikana bure kutoka Let's Encrypt, lakini huisha baada ya siku 90 au chini ya hapo, kwa hiyo kipangwe kijihuishe chenyewe. Kufuli kwenye kivinjari, nalo, linakwambia tu kwamba mazungumzo yamesimbwa hadi kwenye seva. Halikuhakikishii uaminifu wa anayeiendesha seva.

noVNC nimeitaja kwa ajili ya kueleza, na ni nzuri kwenye maabara au kwa seva za Linux, ila kwa daftari la wanachama sitaichagua, kwa sababu inaliacha jukumu la ulinzi kwa wewe unayeizungushia uzio. MeshCentral nayo inafaa pale ambapo mna kompyuta kumi za kutunza. Kwa kompyuta moja ni shoka la kukatia mchicha.

Kabla ya kuamua, jibu swali hili: unapokuwa Urambo, kuna mtu anaitumia kompyuta ile ya Tabora? Windows Pro huruhusu mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukiingia kwa RDP, kioo cha Tabora kinajifunga, na karani aliye mbele yake akiingia tena, wewe unatupwa nje. Kuna viraka vinavyosambazwa mtandaoni vya kuondoa kizuizi hicho. Vinavunja leseni na mara nyingi vinavunjika Windows inapojisasisha, kwa hiyo usivikubali. Kama mnahitaji watu wawili kwa pamoja, hapo ni Windows Server pamoja na leseni zake, na bajeti inabadilika kabisa, au ni kuhamia kwenye programu ya hesabu inayotumika kwa mtandao tangu mwanzo. Tukiwa hapo hapo, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayobeba akiba za watu isibaki juu yake kwa muda mrefu.

Kivinjari kina usumbufu wake ambao ni haki uujue mapema. Ukibonyeza Ctrl na W ukidhani unafunga dirisha la Tabora, utafunga ukurasa wako wa Urambo. Ctrl, Alt na Delete havivuki, bali vinatumwa kupitia kibodi ya kwenye kioo, ambayo katika Guacamole unaifikia kwa kubonyeza Ctrl, Alt na Shift kwa pamoja. Kuchapisha hakuendi moja kwa moja kwenye printa ya Urambo: hati inageuzwa kuwa PDF, unaipakua, kisha unaichapisha, na PDF hiyo yenye majina ya wanachama inabaki kwenye folda ya vipakuliwa vya kompyuta ya pamoja hadi uifute. Ili mtandao ukubebe, punguza rangi hadi biti 16, ondoa picha ya mandharinyuma, na usitumie kioo kikubwa kuliko unavyohitaji. Seva ya kukodi ikiwa Ulaya, kila herufi unayoiandika inakwenda Ulaya na kurudi kabla hujaiona, na utaihisi kwenye vidole. Tafuteni iliyoko Dar es Salaam au Nairobi. Kuhusu bando, usikubali makadirio ya mtu, mimi nikiwemo: fanya kazi yako ya kawaida kwa saa moja, kisha usome kilichotumika.

Umeme nao una neno lake. Kompyuta ya Tabora ikizimika ukiwa Urambo, hakuna kivinjari kitakachoiwasha. Iwekwe UPS pamoja na ruta, izuiwe kulala, na kwenye mipangilio ya ubao wake iagizwe kuwaka yenyewe umeme unaporudi. Mpe pia mtu mmoja wa ofisini ruhusa ya kuiwasha akipigiwa simu.

Kwa upande wa bodi, taarifa za wanachama ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na seva iliyoko nje ya nchi inaleta swali la kusafirisha taarifa ambalo bodi inapaswa kulijibu kwa maandishi kabla ya kulipa. Handaki la WireGuard ni VPN, na TCRA walitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wanapaswa kutoa taarifa zao kwao. Jambo hili lifanywe na chama kwa jina la chama, si na fundi kwa jina lake. Muhtasari wa kikao uonyeshe nani anaruhusiwa kuingia kutoka mbali, na siku anapoacha kazi nani anamfuta.

Mengi ya haya yanahitaji mtu wa kuja ofisini. Kuweka Chrome Remote Desktop na kuipima anwani ya ruta unaweza mwenyewe. Guacamole, handaki na ngome ya Windows mpeni fundi anayezijua seva za Linux, na kama humjui wa kumwamini, mwombe afisa TEHAMA wa halmashauri akushauri. Akimaliza, mwambie akuonyeshe kwa macho, akitumia laini nyingine ya simu iliyo nje ya ofisi, kwamba 3389 na 5900 zimefungwa na 443 pekee ndiyo inayojibu kwenye seva. Maneno ya siri ya usimamizi yaandikwe na kutiwa kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwenye kabati la mwenyekiti. Msirudie ya fundi aliyehama na funguo kichwani.

Na ikiwa mmoja wa mafundi alishaifungua 3389, hata kwa siku chache, au ukiona akaunti usiyoijua kwenye Windows, mafaili yenye viishio vya ajabu, au kipanya kinachosogea peke yake, usianze lolote katika haya. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, usiizime yenyewe, usichomeke diski ya nakala rudufu, na mwite mtaalamu aje aiangalie ilivyo.